Barua Nzuri Kutoka kwa Babu

Juzi nilipanda Lushoto kuchukua barua. Makumbusho ya sanaa ya Dar es Salaam yameziomba, zile ambazo mkurugenzi wao wa zamani aliandikiana na familia yetu. Nilimkuta shangazi amekwisha kuzifunga kwa uzi.

Babu aliandika riwaya, shangazi mashairi. Bibi alifinyanga vyungu. Utotoni, ndugu yangu, niliitambua siku ya barua kwa ukimya wake: redio ilizimwa, makande yakaachwa yachemke yenyewe, babu akasoma kwa sauti. Mkurugenzi hakukosa kumpa bibi shikamoo na kuuliza kama mapeasi yameiva.

Mwaka mmoja aliomba vyungu. Alikuwa anaandaa maonyesho ya ufinyanzi, na alitaka bibi ashuke navyo mwenyewe, akae navyo, watu wamwone. Tafadhali, jibuni upesi.

"Mwambieni nakuja," bibi akasema. Kesho yake akaanza kuvifunga kwa majani makavu ya migomba.

Lakini kwetu barua haikutoka bila kusafishwa. Babu aliandika, shangazi akakata.

"Baba, sentensi hii umeivisha kilemba."

"Afadhali kilemba. Mashairi yako yanatembea kichwa wazi."

Tulicheka. Bibi naye alicheka, mwanzoni. Baadaye akawa anachungulia mlangoni: "Bado tu?"

"Mama, imebaki aya ya mwisho."

Aya hiyo ilichukua muda mpaka mapeasi yakaanza kuanguka yenyewe.

Jibu la mkurugenzi lilipofika, babu alilisoma polepole. Hajapata kupokea barua nzuri kama ile, aliandika mkurugenzi. Amewasomea wafanyakazi wake wote. Ila maonyesho yamekwisha kufunguliwa, kwa vyungu vya kwingine. Labda safari nyingine.

Bibi alifungua majani, akachagua chungu kikubwa kuliko vyote, akabandika maharage. Safari nyingine haikuja. Mkurugenzi alistaafu, na bibi akavipikia vyungu vyake hadi vikavunjika vyote. Hakuna kati yetu aliyejifunza kufinyanga. Kuandika tulijifunza sote.

Nilimwomba shangazi walau chungu kimoja kisindikize barua. Akanipeleka nyuma ya jiko. Kilichobaki ni kitako kimoja, kuku wanakinywea maji. Shangazi alikiinua, akayamwaga maji, akakifuta kwa khanga yake, akakigeuza huku na huku. Kisha akakirudisha chini na kukijaza tena, maana kuku walikuwa wamesimama wanangoja.