Mhojiwa Namba Saba wa Bisil

Kazi yangu ni kutilia shaka, na ninalipwa mshahara kwa hilo. Kwa hivyo ukisoma haya ukaona nimeyatunga, nakuelewa; hata mimi ningekuwa mahali pako ningeona hivyo. Lakini yalitokea, tena mchana, jua likiwa kali, na mimi nikiwa na akili zangu zote.

Nilijifunza kompyuta peke yangu nikiwa na miaka arobaini na mitatu, baada ya kufunga duka langu la vipuri hapa Kitengela. Nilianza kwa kusoma kwenye simu, kisha nikanunua kompyuta kuukuu. Baadaye nikaajiriwa katika ofisi inayokusanya bei za masoko ya Kajiado, kama mchambuzi wa ngazi ya chini kabisa. Wenzangu wote ni vijana. Waliniita mzee siku ya kwanza na hawajaacha.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Wakusanyaji huenda sokoni na tableti, humuuliza muuzaji yule yule bei ya kitu kile kile kila siku ya soko, na fomu hutufikia kwa mtandao. Mimi huzikagua kabla hazijaingia kwenye takwimu. Kuna mkusanyaji ambaye hukaa hotelini akajaza fomu zote kutoka kichwani mwake. Hiyo tunaita kupika data. Ndiyo sababu tableti hupima kila mahojiano yamechukua muda gani, na wengi hujisahau hapo.

Bei za mifugo katika soko la Bisil zilikusanywa na Wairimu, mama wa watoto wawili aliyepanga chumba Kajiado. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Fomu zake zilikuwa safi, isipokuwa jambo moja. Mhojiwa namba saba, mzee muuza mbuzi, alichukua dakika nne na sekunde kumi na moja. Wiki iliyofuata, vile vile. Nikarudi nyuma wiki tisa: nne na kumi na moja, kila mara. Niambie wewe, watu wawili wanaweza kuongea muda ule ule, hadi sekunde, mara tisa?

Nikampelekea fomu hizo mkuu wa kitengo, ambaye ni rika la mtoto wangu wa kwanza.

"Mzee, enda Bisil ukamtafute huyo mtu," akaniambia. "Kama hayuko, Wairimu anaenda nyumbani."

Nilikwenda siku ya soko. Wairimu sikumwambia, siku hiyo alikuwa ameitwa mafunzo Kajiado, na mimi ndiye niliyebeba tableti yake. Nilifuata ramani ya tableti mpaka pale fomu zote za namba saba zilipojazwa: ukutani, kando ya mahali ambapo lori hupakia mbuzi. Soko lilikuwa limeanza kupungua watu. Mzee mmoja alikuwa amesimama pale peke yake, shuka nyekundu, fimbo begani.

"Sopa," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa. Umekuja kuandika?"

Nikamuuliza jina. Akalitaja, lile lile la kwenye fomu. Sitaliandika hapa, na utaona ni kwa nini.

"Yule mama ako wapi?" akauliza.

"Ako Kajiado leo, mzee."

"Yeye anaandika vizuri. Haruki. Na wewe usiruke. Mwaka ule wa kiangazi hakuna mtu alikuja kuandika. Mbuzi iliuzwa bei ya kuku na hakuna mtu aliandika."

Nilijua anachosema. Katika data yetu kuna miezi ya ule ukame ambayo ni mistari mitupu, kwa sababu wakusanyaji waliacha kwenda. Akanipa bei: beberu, jike, mwana mbuzi. Alijibu polepole kama mtu anayesomea mwenzake barua.

"Na mbuzi wako wako wapi?" nikauliza, maana mkaguzi ni lazima aone bidhaa.

"Wako nyuma."

Nyuma yake kulikuwa na ukuta tu. Niliinama kufunga fomu. Nilipoinua macho, hakuwepo. Sikushtuka, sokoni watu huenda na kurudi. Kilichonishtua ni tableti. Dakika nne, sekunde kumi na moja.

Nikaenda kwa mama wa chai aliyekuwa hatua chache kutoka pale. Madalali watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi lake. Nikauliza kwa sauti, na jina nikalitaja lote, kama fomu inavyotaka, huyu mzee nyumbani kwake ni wapi.

Madalali wakatazamana. Hapo shaka yangu ikapanda: hawa wanamficha, nikajiambia, wamekula njama na Wairimu.

"Mzee, usirudie hilo jina," mama akasema, akiweka birika chini. "Huyo alienda na mbuzi zake kile kiangazi. Huku mtu akienda, jina hatuiti."

"Lakini nimeongea naye sasa hivi, pale ukutani."

Dalali mmoja akacheka. "Ati umeongea na nani? Tumekuangalia, ukiuliza ukuta bei ya mbuzi! Mimi nilidhani uko kwa simu, una zile za masikio."

Mama hakucheka. "Hata yule dada yako wa ofisi husimama hapo," akasema. "Sisi tulimwacha tu."

Nilithibitisha kwa chifu msaidizi. Mzee alizikwa mwaka ule wa ukame.

Ripoti ina swali moja kubwa: mhojiwa amepatikana? Ndiyo au hapana. Nilikaa nalo jioni nzima. Ningeandika ndiyo, wangenionyesha cheti cha kifo na kunicheka hadi nitoke ofisini. Mtu wa umri wangu hapati kazi ya pili ya kompyuta. Nikaandika hapana.

Wairimu alikuja Kitengela kutia sahihi barua ya kufukuzwa. Alinikuta mlangoni.

"Baba, wewe ulienda. Uliongea naye?"

"Niliandika kwamba sikumpata."

"Sikuulizi uliandika nini."

Nikampisha mlangoni. Akaniangalia, akaondoka na barua yake.

Akaunti yake niliifunga kwa mkono wangu. Lakini siku ya soko iliyofuata fomu ya namba saba ikaingia, na imeingia kila siku ya soko tangu hapo. Niamini, nimekagua seva, nimebadilisha nywila, nimeifungia tableti kabatini. Penye jina la mkusanyaji pana jina langu, ilhali saa hiyo niko mezani na wenzangu wananiona. Bei zake hulingana na za soko kila mara.

Mwezi uliopita nilimtafuta Wairimu. Anaosha vyombo katika hoteli moja Kajiado. Nilimweleza yote, nikasimama kungoja anitukane.

"Mimi nilikuwa najua ulimwona," akasema, mikono ikiwa ndani ya maji. "Enda uwaambie wao."

Nimewaambia. Barua yangu iko mezani kwa mkuu, na jibu sijapata. Huenda nami nikafukuzwa. Wewe unayetumwa kukagua kazi ya mwenzako, nisikilize: andika ulichokiona, hata kama utachekwa. Yule mzee hakunidhuru kwa lolote. Aliyemfukuza Wairimu kazi ni mimi.