Kuuza Ruhusa, Kutengeneza Marufuku

Vidosava hakuzaliwa na hasira. Alitengenezewa, tena na watu waliokula mezani pake.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alimimina mishumaa ya nta ya nyuki katika chumba cha nyuma ya duka lake, mtaa wa maduka, mjini Lipnica, Serbia. Mumewe alimfundisha kazi, mumewe akafa, kazi ikabaki. Katika mji ule kila nyumba ina mtakatifu wake mlinzi, na siku yake inaitwa slava. Na hakuna nyumba iliyofanya slava bila kuwasha mshumaa uliotoka mkononi mwa Vidosava. Kisha manispaa ikachora ramani mpya. Mtaa wake ukapakwa rangi ya waridi, na maana ya rangi hiyo ni kwamba hapa watu wauze tu. Mishumaa aliruhusiwa kuiuza mpaka achoke. Kuitengeneza, nyuma ya ukuta uleule, marufuku, labda kamati ya mipango miji impe kibali maalumu.

"Sasa nikamiminie wapi?" aliuliza pale manispaa.

"Eneo la viwanda, mama. Kule nyuma ya kiwanda cha saruji," karani akamjibu bila kuinua macho.

"Kwa sufuria mbili?"

"Sheria haina habari na sufuria zako."

Utaratibu ulikuwa hivi: kamati itakaa mbele ya watu. Mwombaji asipofika, ombi limekufa. Jirani mwenye pingamizi naye asiposimama akalisema kwa kinywa chake, pingamizi limekufa, kibali kinatoka. Majirani wote wa mtaa walikubali. Aliyekataa ni mmoja tu, mwenye mkahawa wa ubavuni. Jina lake Ljubiša, na alikuwa somo yake.

Hapo ndipo penye uchungu. Somo kwa Waserbia si rafiki wa kupiga naye soga. Ljubiša ndiye aliyesimama na Vidosava na mumewe kanisani siku ya harusi, ndiye aliyembeba binti yao Jagoda kwenye maji ya ubatizo. Usomo kama huo unapita undugu wa damu. Ndugu utamnunia, somo humnunii. Lakini Ljubiša alikuwa akiutamani ua wa Vidosava apange meza zake za kiangazi, na tamaa haijui kanisa. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Vidosava alimfuata mkahawani.

"Somo, ni wewe kweli uliyenipinga?"

"Si mimi, somo yangu, ni harufu," Ljubiša alisema, akifuta glasi iliyokwisha kung'aa. "Wateja wananung'unika. Nta inanuka."

"Inanuka! Wewe ulipokuja kunywa pombe yangu ya rakia ukalala kwenye magunia ya nta mpaka asubuhi, pua uliiacha wapi?"

"Tusichanganye biashara na usomo."

"Basi biashara umepata. Usomo uangalie usije ukakuponyoka."

Wiki ile ile tarehe ya kikao ikabandikwa mlangoni mwa manispaa: siku ya Mtakatifu Nikola, saa sita mchana. Mtu wa Lipnica akisoma hivyo atacheka au atatema mate. Siku ya Nikola nusu ya mji inafanya slava na nusu ya pili inazunguka kula kwa hao. Nani ataacha samaki mezani akasikilize mambo ya ramani? Na Nikola ndiye mtakatifu wa nyumba ya Vidosava! Mwenye nyumba siku hiyo hatoki. Hata kitako hakai. Anasimama kutwa nzima akihudumia wageni, ambao hawaalikwi wala hawafukuzwi, wanakuja wenyewe. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Pantić, alisema tarehe ile alipendekezewa na mwananchi mmoja. Mwananchi huyo kila mwaka alikuwa wa kwanza kufika kwenye slava ya Vidosava na wa mwisho kuondoka. Alijua kabisa kwamba mama yule hawezi kuvuka kizingiti, na asiyekuwepo na lake halipo.

Mtu akikuibia usiku, walau ameogopa macho yako. Huyu alichagua siku takatifu ya nyumba aliyoibatizia mtoto!

Asubuhi ya Nikola, Vidosava aliwasha mshumaa, padri akaja akabariki, mkate ukakatwa. Maharage ya kuoka na samaki vilikuwa tayari, maana ni siku za mfungo, nyama hailiwi. Kisha akavaa koti, akachukua bakuli kubwa la ngano iliyochemshwa na sukari, ile ambayo kila anayeingia kwenye slava huionja kwanza kabla ya neno lolote.

"Mama, unakwenda wapi?" Jagoda alishtuka. "Mwenyeji haachi nyumba! Watu watasema nini?"

"Wakija, waambie niko manispaa. Wewe linda mshumaa usizimike."

"Na kusimama je? Siku nzima unatakiwa usimame!"

"Nitasimama huko huko."

Saa sita ukumbi ulikuwa mtupu, ila wanakamati watano walioangalia saa zao, na Ljubiša mstari wa mbele kwenye suti. Alipomwona Vidosava mlangoni na bakuli, alikuwa kama aliyemwagiwa maji ya barafu.

"Kaa, mama," Pantić alisema.

"Leo sikai. Ni slava yangu."

Mara mlango ukafunguka. Akaingia bibi Radojka wa duka la vifungo, na wanawe, na wakwe zake. Nyuma yao wakaja wengine, katika nguo za kanisani, chupa mkononi. Walikuwa wamefika nyumbani, hawakumkuta mwenyeji, wakamfuata. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Kila aliyeingia alifanya ishara ya msalaba, akaonja kijiko cha ngano.

"Hiki ni kikao rasmi!" Pantić alipiga meza.

"Na hii ni slava rasmi," bibi Radojka akamjibu. "Onja, Pantić, usituletee laana."

Pantić akaonja. Wanne wenzake pia.

Ndipo Vidosava akasimama mbele ya Ljubiša, akanyoosha bakuli.

"Kula, somo yangu. Ukishakula, simama useme nyumba yangu inanuka."

Kula ngano ya mtu kisha ukambomolea nyumba, hilo hakuna. Kuikataa ngano, nalo hakuna. Ljubiša alikishika kijiko, akakirudisha. Uso ulimwiva. Akainuka, akapenya katikati ya watu bila kutazamwa na mtu, akatoka.

"Pingamizi?" Pantić aliuliza. "Hakuna. Kibali kimetolewa."

Watu walishangilia. Vidosava hakushangilia. Kibali alikipata, somo alimpoteza, na hasira haikupungua hata tone.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Mtakatifu Yovani, ambaye Waserbia humwita shahidi wa usomo. Ndiye mtakatifu wa nyumba ya Ljubiša. Vidosava alimimina mshumaa wake kama kila mwaka, mrefu, wa manjano, bila doa. Akaupeleka mkahawani wakati meza zote zimejaa.

Ljubiša alinyoosha mkono aupokee. Vidosava hakuuachia.

"Nusa kwanza," alisema, na kila meza ikasikia. "Mshumaa ukinuka, mwashie Yovani taa ya umeme."

Ljubiša aliwatazama wateja wake. Kisha, kama mtoto anayenyweshwa dawa, akainama akanusa.

Vidosava akamwachia mshumaa, akatoka. Kwenye slava ya Ljubiša hakwenda mwaka ule, wala mwaka mwingine wowote.