Fundi aliyefagia sauti ya Mwalimu

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajawasha jiko, fundi anafungua kabati la vyombo na kugusa kisanduku kilicho kwenye rafu ya juu kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Joto ni la kawaida. Taa ya kijani inapepesa. Anafunga kabati na kuendelea na chai.

Kisanduku hicho kinaenea kiganjani, lakini ndicho seva ya maktaba ya sauti ya wasioona wa mji mzima. Wasomaji wa kujitolea husoma vitabu na kujirekodi, fundi huziweka rekodi hizo humo, na wasikilizaji huzifungua kwa simu.

Ukurasa wenyewe hauna picha wala rangi. "Simu ya asiyeona humsomea kila kilichopo," anaeleza. "Ukijaza madoido, inambwabwajia mpaka anakata tamaa. Mimi naweka majina ya vitabu, basi."

Halipwi mshahara. Chama cha wasioona hulipia mtandao, na riziki yake hutoka kwenye kutengeneza kompyuta za maduka na shule. Mumewe, mchomeleaji vyuma, hukiita kisanduku hicho "mume mwenzangu". "Kikizima, hapa hakuna anayekula," analalamika, na mkewe habishi.

"Kazi nyepesi," fundi anasema. "Mafaili yamekaa tu. Mtu anaomba, seva inampa. Vikazi vingine nimeviandikia skripti."

Skripti, kwa sisi tusiojua, ni maagizo mafupi ambayo kompyuta hupewa mara moja, kisha huyatekeleza yenyewe kila siku bila kukumbushwa. Moja ya skripti hizo ndiyo inayomfanya fundi azungumze akitazama sakafu.

Mwaka juzi nafasi ya kuhifadhi ilianza kwisha. Akaona haya kukiomba chama kinunue hifadhi kubwa zaidi, akaandika skripti aliyoiita Ufagio. Agizo lilikuwa moja: faili lisiloombwa na mtu mwaka mzima lifutwe.

"Nilijiona mjanja kweli," anasema. "Niliwaza, kisichosikilizwa kina kazi gani? Sikujiuliza kama mtu anaweza kukipenda kitu na asiwe na nguvu ya kukifungua."

Mtu huyo alikuwepo. Ni mpokea simu mstaafu, asiyeona tangu ujana, ambaye wasikilizaji wenzake humwita Mzee wa Simu. Mkewe, Mwalimu, alikuwa msomaji wa kwanza wa maktaba hiyo, na alirekodi vitabu vyake vyote sebuleni kwao. Alipofariki, mzee hakuthubutu kuvigusa. Wengine walikuwa wameshavimaliza, wakahamia kwa wasomaji wapya.

"Nilikuwa nimeiweka sauti yake," mzee anasema, akipapasa mkono wa kiti. "Nilijua ipo, siku nikijipa moyo nitaifungua. Kujua ipo kulinitosha."

Siku alipojipa moyo alichagua kitabu cha ufugaji wa nyuki. Hajawahi kufuga hata kuku, ila mkewe alikuwa akicheka alipokisoma. Simu ikamwambia faili halipo. Alidhani amebonyeza vibaya, akampigia fundi.

"Mwanangu, mama yako simpati huku. Umemhamishia wapi?"

Fundi akajibu kwamba mtandao unasumbua. Ulikuwa uongo. Akakimbilia kompyuta ya karakana, alikokuwa akihifadhi nakala. Lakini nakala hiyo aliiagiza mwenyewe ifuate seva hatua kwa hatua: kinachoongezwa kiongezwe, kinachofutwa kifutwe. Nayo ilitii. Simu aliyorekodia marehemu ilishakufa zamani.

Akaenda kwa mzee pamoja na mumewe. "Nilimwambia yote, sikuficha. Yeye akauliza kama tumekula. Hapo ndipo nilipolia."

Mzee naye hazungukizunguki. "Sina kinyongo, huyu ni kama binti yangu. Lakini imeniuma, na bado inaniuma. Nilidhani nimeshamzika, kumbe bado."

Ufagio umeondolewa, na chama kimenunua hifadhi kubwa bila hata kunung'unika, jambo linalomchoma fundi zaidi. Ameweka tangazo: yeyote aliyehifadhi rekodi za Mwalimu kwenye simu yake amtafute. Wengi wamejibu kwa masikitiko kwamba walisikiliza wakafuta.

Wiki iliyopita, mfumaji mmoja wa vikapu alituma kipande kutoka simu yake ya zamani. Ni dakika chache za nyuki, zinazoanza katikati ya sentensi. Fundi anatusikilizisha. Sauti ni ya mwanamke asiye na haraka, anaeleza jinsi ya kuusogelea mzinga, kisha anakatiza ghafla.

"Baba watoto, hebu punguza hiyo redio, bwana. Nasoma."

Redio inanyamaza. Mwalimu anacheka kidogo, anarudi kwenye mzinga.

"Vipande kama hivyo nilikuwa navikata vyote kabla ya kuweka rekodi," fundi anasema. "Hiki kilinipita."

Mzee bado hajui. Fundi hataki kumtumia kwa simu akisikie akiwa peke yake. Jumamosi atampelekea mwenyewe, akae karibu naye, abonyeze, kisha anyamaze.