Siku Nilipowaita Majirani wa Bibi

Miaka ile nikikaa Hjulsta, mtaa wa sisi wahamiaji huko ughaibuni, kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani. Mmoja wao, mama mjane, aliishi kwenye mji wa matajiri kando ya bahari. Kule kila nyumba ni jumba, na hata maji yana wenyewe: ukitaka kuyasogelea unakutana na kibao, njia ya binafsi. Mwanzoni nilidhani watu wamehama. Barabara nzima hukuti mtu, labda anayetembeza mbwa, naye ukimsalimia anakutazama kama umemwomba kitu.

Bibi, ndivyo nilivyomwita na alipenda, alizidiwa majani yalipoanza kupukutika. Siku moja akaniuliza, "Hakuna aliyekuja kunijulia hali?" Nikasema hakuna. Alikuwa amekaa mtaa ule tangu aolewe!

Jamani, roho iliniuma. Kwetu Bujumbura, hata hapo Hjulsta, ukikohoa tu majirani wanajaa na masufuria yao mpaka mgonjwa anakosa hewa. Nikajiambia, hawa hawajui tu. Nikavaa koti, nikapita geti kwa geti nikibonyeza kengele: "Jirani yenu anaumwa sana, njooni mumwone." Wengi walinijibu kupitia spika ya ukutani. Mzee mmoja alifungua mlango, akasema asante, akaufunga. Nami, mjinga mimi, nikarudi mbio na furaha yangu. "Bibi, nimewaambia. Watakuja."

Akataka achanwe nywele. Akataka blauzi ya hariri na rangi ya mdomo. Nikachemsha kahawa, nikatoa vikombe vya kabatini, vile visivyoguswa.

Jioni kengele ikalia. "Wamekuja!" Bibi akasema, akanibana mkono. Nikakimbia kufungua.

Alikuwa mlinzi, na sare yake. Majirani wamepiga simu, akasema, kuna mwanamke mgeni anazungukazunguka magetini. Akaomba kitambulisho. Nikampa kwa hasira. Kisha nikambembeleza, ndiyo, nikambembeleza yule yule: "Kahawa iko tayari. Ingia unywe kikombe kimoja tu, mgonjwa anasubiri wageni." Akasema hairuhusiwi, akaenda zake.

Nikarudi chumbani. Bibi alikuwa amekaa wima, rangi imepita mdomo kidogo.

"Nani?"

"Jirani," nikasema. "Nimemwambia umelala, hakutaka kukusumbua."

"Lakini sikulala," akasema.