Nilimzuia Babu Mayala Njiani

Asubuhi ya maziko sikuweza kukaa. Nilipewa mkeka nikauacha, nikapewa kiti nikampisha mtu, nikaenda jikoni kwa akina mama wakanifukuza kwa sababu nilifunua kila sufuria bila kusaidia lolote. Nje, vijana walikuwa wanachimba kaburi la Babu Mayala nyuma ya zizi la mdogo wake, Babu Donatus, hapa Ibadakuli. Kila jembe lilipogonga ile ardhi kavu, hasira ilinipanda. Ardhi gani hii ya kumlaza mtu wa maji? Hata ng'ombe wanaikimbia kiangazi.

Babu alizaliwa hapa hapa, mtoto wa wafugaji, lakini ng'ombe hawakumkaa moyoni. Akiwa kijana aliwaacha malishoni akaenda kuliona ziwa alilolisikia kwa watu. Jioni ng'ombe walirudi wenyewe. Yeye hakurudi. Aliishia mwalo wa Nkome, upande wa Geita, akawa fundi wa injini za boti, na mimi nilimjua akiwa huko huko, mikono inanuka petroli na dagaa, kichwa kimeinamia kitu alichokifungua. Hakikuwapo kifaa alichokiacha salama. Wenzake walipokuwa bado wanavua dagaa kwa karabai, yeye alifunga taa za sola juu ya maboya, wakamcheka mpaka walipoona boti yake inarudi imejaa. Simu ya kwanza pale mwaloni ilikuwa yake, na aliyetaka kupiga ilibidi apande naye juu ya jiwe kubwa kutafuta mtandao. Uzeeni alikuwa akiamka anaangalia hali ya hewa kwenye simu, kisha anarekodi sauti na kuirusha kwenye kundi la wavuvi, akianza na salamu yetu ya Kisukuma: "Mwangaluka. Leo upepo una kichaa. Mwenye mke mzuri asiende."

Si kwamba alipatia kila mara. Kuna mwaka alifunga injini ya pikipiki kwenye mtumbwi, akatutangazia kwamba siku za makasia zimekwisha. Mtumbwi ukaondoka kwa kishindo, ukaanza kuzunguka. Ukazunguka, ukazunguka, mwalo mzima tumejipanga ufukweni tunamtazama, hadi mafuta yakaisha na akavutwa kwa kamba. Aliposhuka alisema, "Mmeona? Injini haina shida. Shida ni ziwa."

Huyo ndiye aliyekuwa mume wangu. Aliniita mke wake tangu nikiwa mchanga, kama mababu wa kwetu wafanyavyo, na mimi nilimwita mzee wa kizunguzungu, bwana asiyejua hata kununulia mtu kanga. Alinifundisha kufungua simu kabla sijajua kusuka nywele. Leo nina kibanda changu Geita mjini, natengeneza simu za wachimbaji zilizozama kwenye matope ya maduara, yale mashimo yao ya dhahabu. Nikitumia nguvu na bisibisi namsikia kabisa: "Taratibu, mke wangu, hapo huchimbi dhahabu."

Mwaka jana tulikuwa ndani ya boti yake, mbali na ufukwe, akazima injini ghafla. "Dorika," akasema, na akiniita kwa jina najua hatanii, "nikifa nizikwe Nkome, niwe nasikia injini zikitoka na kurudi. Wasije wakanifukia kule vumbini kama kiazi." Nikamwambia wewe hufi, hata kifo kitakuogopa utakifungua ukione ndani. Akacheka, akawasha injini. Lakini neno lile nililishika.

Halafu kiharusi kikampiga. Wakampeleka hospitali mjini Shinyanga, karibu na mdogo wake, na ziwa hakuliona tena. Nilipopata habari ya kifo nilimpigia Mama, nikamwambia tumrudishe Nkome. Mama akasema wazee wameshaamua, atalala pembeni ya baba yake. Nikampigia Babu Donatus. "Njoo kwanza, mjukuu wangu," akasema, akakata. Mtu mpole yule, hajawahi kunikatia simu.

Ikanibakia njia moja tu. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumnanga babu yake hata akiwa ndani ya jeneza, na wafiwa hawana haki ya kununa. Wakichoka wanampa chochote apishe. Basi walipotoka ndani wamembeba, walinikuta nimesimama katikati ya njia, nimevaa jaketi lake la uokozi, la rangi ya chungwa, kwenye jua lile.

"Hapiti mtu!" nikapiga kelele. "Huyu ni mume wangu. Mnampeleka wapi?"

"Anakwenda kupumzika," akajibu mbebaji mmoja, tayari anatabasamu.

"Nyuma ya zizi? Ng'ombe aliwakimbia akiwa na miguu yake, leo mnamrudishia akiwa hawezi kukimbia? Geuzeni. Tunakwenda Nkome."

Kicheko kikalipuka. Mama mmoja akanirushia noti, nami nikaitupa, wakazidi kucheka, maana mtani mzuri hatosheki upesi. Katekista akafunga kitabu chake akasubiri. Naye ni Msukuma.

"Sitanii!" nikasema. "Aliniambia mwenyewe! Alisema Nkome!"

Wakashika mbavu. Mama yangu, ambaye alikuwa analia tangu msiba uingie, alicheka hadi akamwegemea jirani. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyozidi kuwachekesha. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa mbele ya watu wale wote.

Babu Donatus tu hakucheka. Akaja, akanishika mkono, akanivuta karibu na jeneza.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza. Aliniambia Nkome, Babu. Kwa mdomo wake."

"Na mimi aliniambia hapa. Kwa mdomo huo huo, umeshapinda, pale kitandani hospitali. Alisema, ziwa limekula ujana wangu, haya yaliyobaki nirudishieni kwa baba." Akaweka mkono juu ya jeneza. "Nikamuuliza, na Dorika? Akasema nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema ukijua mapema utakuja umenyamaza kama wengine. Akasema, mwacheni mke wangu asimame njiani apige kelele mpaka achoke. Mimi sitaki kuzikwa kimya."

Nikalitazama jeneza. Mzee mwongo. Mzee mjanja, aliyenijua kuliko ninavyojijua. Nilitaka kulipiga teke, na nilitaka kulikumbatia, na mikono yangu haikujua iende wapi. Nikainama hadi kwenye ubao nikamtukana, tusi la kweli la mwaloni ambalo siwezi kuliandika hapa, huku machozi yananitoka, na watu wakacheka tena.

Kisha nikasogea, wakapita.