Alisema Pafyumu Ile Haifai

Simu ya msiba ilinikuta dukani kwangu, hapa Lushoto mjini, nikipanga chupa kwenye rafu za kioo. Mtangazaji wetu wa kipindi cha Jumamosi, yule aliyekuwa akichambua pafyumu za wasanii na albamu mpya, amefariki. Wasomaji wa gazeti langu hili la milimani hawahitaji jina, kwa maana sauti yake waliijua wote ambao redio yetu inawafikia bila kukwaruza. Kifua kilimsumbua tangu mvua zilipoanza. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na mara hii hakurudi nyumbani. Nilifunga duka saa hiyo hiyo. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini leo siandiki kwa ajili ya machozi. Naandika kwa sababu nilitoka mazikoni na hasira, na hasira hiyo haijashuka.

Tulimzika kwao Gare. Misa ilikwenda vizuri, kwaya ikaimba, ukungu ukatushukia kama kawaida yake, na tukasimama kando ya turubai tukisubiri wasifu wa marehemu. Akasimama meneja wa kituo chake cha zamani, suti nyeusi, karatasi mkononi. "Marehemu," akasoma, "alikuwa rafiki wa wasanii wote. Katika kazi yake yote hakuwahi kumsema mtu vibaya. Aliacha kipindi kwa hiari yake mwenyewe ili apate kupumzika." Mzee mmoja mkulima wa viazi aliyekuwa amesimama kando yangu alinigeukia akaninong'oneza, "Kijana, huyu anamsoma nani? Au tumekosea msiba?" Ningecheka kama nisingekuwa na uchungu. Sentensi tatu, na zote tatu ni uongo, zimesomwa mbele ya jeneza, mahali ambapo adabu inatuzuia kubisha.

Mimi sina haja ya kubembeleza mtu, na wanaonifahamu wanajua sababu. Nilitoka hapa Lushoto na begi moja, nikajisomesha mpaka nikapata stashahada ya masoko, nikafanya kazi miaka kadhaa nchi za Ghuba kwenye duka la manukato la uwanja wa ndege, nikirekebishiwa Kiingereza na wateja wa dunia nzima. Nilirudi kwa miguu yangu, si kwa kufukuzwa, nikajenga, nikafungua duka la vipodozi ambalo halina mfano katika mji huu. Sikukopeshwa na mjomba wala sikubebwa na chama. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya pafyumu, nazungumza juu ya kitu ninachokijua. Na marehemu alikuja kwangu mara ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo: alitaka kuona nina chupa gani, na kubishana.

Tulibishana kwa miaka. Mimi nilimweleza kwamba kitaalamu pafyumu hupulizwa kwenye kikaratasi, unakipunga, unanusa, unaandika. Akanijibu, "Kaka, stashahada yako naiheshimu. Ila sijawahi kuona mtu wa Lushoto aliyevaa kikaratasi." Yeye alijipulizia kwenye sweta, asubuhi, akaenda sokoni siku ya gulio, akapita katikati ya karoti na vitunguu, penye moshi wa kuni na watu waliolowa mvua. Alisema pafyumu ya msanii imetengenezwa kwa ajili ya jukwaa na joto la Dar, na yeye alitaka kujua itamfaa nini mwalimu wa huku anayeamka kwenye baridi. Nilimsindikiza siku moja. Akamwamkia mama mmoja muuza karoti, "Shikamoo, mama." "Marahaba. Jana umelala hospitali?" "Hapana, mama. Kwani vipi?" "Unanuka dawa ya kikohozi ya watoto." Jumamosi ile ile alilisema hewani, neno kwa neno, kisha akaongeza: "Kwenye picha ya chupa msanii anatabasamu. Nadhani bado hajaifungua." Mpaka leo naamini kikaratasi kina nafasi yake. Lakini nilizuia oda yangu ya pafyumu ile.

Albamu nazo alizisikiliza zote, mwanzo hadi mwisho, wakati wenzake wanasikiliza wimbo wenye video na kuishia hapo. Na msidhani aliwaonea wakubwa wa mbali tu. Kwaya moja ya Kilutheri ya huku huku ilitoa albamu, akasema redioni kwamba wanaimba vizuri ila wanasikika kama wamefunikwa blanketi. Jumatatu kina mama wa kwaya walikuwa mlangoni pa studio, kiongozi wao mbele, khanga zimefungwa kiunoni. "Mwanangu, umetuaibisha." "Shikamoo, mama. Mlirekodi wapi?" "Ukumbini." "Na ukutani mlitundika nini?" Mmoja wa nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikawashika wote. Mvua ilikuwa ikipiga bati siku ya kurekodi, wakatundika mablanketi ya nyumbani kwao kuta zote nne ili kelele isiingie. Kiongozi akamwuliza, "Sasa kwa nini hukuja kutuambia kimyakimya?" Akajibu, "Kwa sababu watu wamenunua, mama. Na nimewasema kwa kuwa nimewasikiliza. Nisingewasikiliza, ningewasifu." Kiangazi kilipoingia walirekodi upya, naye akaenda kukaa nao kutwa nzima. Wale kina mama ndio walioimba mazikoni Gare, Walutheri kwenye msiba wa Mkatoliki, na hakuna aliyewaita.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Siku moja vijana wawili nadhifu kutoka Dar waliingia dukani kwangu. Walikuwa wametumwa na watu wa msanii mkubwa ambaye alikuwa anatoa albamu na pafyumu yenye jina lake katika wiki moja. Walichagua duka langu kwa sababu ndilo linalofaa kupokelea wageni wa namna hiyo, nalisema bila kujisifu. Wakaniomba nimwite marehemu. Alikuja amevaa gambuti zenye tope, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilikuwa nyuma ya kaunta, hatua chache tu kutoka walipokaa. Wakamwekea chupa mezani.

"Bro, hii zawadi. Unajua tena, neno moja zuri tu Jumamosi."

"Nitaivaa wiki nzima, kisha nitasema nilichokiona."

Yule mwingine akatoa simu mpya ndani ya boksi lake, akaisogeza. "Na hii ni ya kurahisisha kazi."

Marehemu aliitazama, akairudisha kwa kidole kimoja. "Simu ninayo. Chukua, mdogo wangu, usije ukaisahau hapa."

"Kaka, unakataa riziki?"

"Nakataa simu yako. Riziki sijaiona humu."

Wakacheka kicheko cha watu wasiofurahi, wakachukua boksi lao, wakaondoka. Jumamosi akasema. Kuhusu pafyumu alisema ina harufu ya chumba cha hoteli ambacho mgeni ameondoka bila kulipa. Kuhusu albamu alisema nyimbo zake zote za mapenzi ni nyimbo za magari, na kwamba wanawake waliomo hawafanyi kitu kingine chochote ila kuteremka. Lakini pia alisema, na hili watu hulisahau, kwamba kuna wimbo mmoja karibu na mwisho, msanii anamwimbia mama yake bila madoido, na akaupiga mara mbili. "Huu," alisema, "unaonyesha kwamba ile mingine angeweza kuifanya vizuri. Hakutaka." Jumamosi iliyofuata kipindi hakikuwepo. Tuliambiwa anapumzika, ingawa yeye hakuomba kupumzika. Kisha likaanza kunong'onwa vijiweni kwamba aliomba simu kwa watu wa msanii, akanyimwa, ndipo akatukana kazi yao. Nilikwenda kituoni mwenyewe nikawaambia meneja na wenzake nilichokiona kwa macho yangu. Wakanipa chai. Wakasema suala limefungwa.

Hapa ndipo ninapochemka. Mkulima wa Rangwi akileta gunia la viazi, mnunuzi haamini vilivyo juu. Anazamisha mkono mpaka chini, na akikuta vimeoza mkulima anapewa maneno yake pale pale mbele ya watu, na hakuna anayesema mnunuzi ana wivu. Tunda la pea linabonyezwa. Kabichi inageuzwa. Lakini akitokea mtu akageuza albamu, akabonyeza pafyumu, tunamwita mchawi wa vijana na adui wa maendeleo. Siku hizi uchambuzi umebaki kwa watu wenye simu nzuri walizopewa, wanaopuliza hewani na kupiga kelele "moto!" kabla harufu haijawafikia puani. Msanii mwenyewe anadhurika, maana ataambiwa moto mpaka siku atakapoimba kwenye viti vitupu, naye hatajua kwa nini. Mimi nimesoma masoko. Nawaambia kwamba bidhaa isiyosemwa na mtu yeyote ni bidhaa ambayo hakuna mtu anayeijali.

Basi, pale Gare, baada ya wasifu ule, ulifika wakati wa salamu za rambirambi. Nilinyoosha mkono kwa niaba ya marafiki. Mwongozaji wa ratiba alinitazama, akamtazama meneja, akasema muda hautoshi. Wakati huo huo akapewa nafasi mtu wa mauzo wa kituo, akasoma salamu za wadhamini. Tulipomaliza kuzika nilimfuata mjane nyuma ya jiko, akiwa ameinamia sufuria kubwa kana kwamba ndiye mgeni na sisi ndio wafiwa.

"Shemeji," nikamwambia, "uliwaruhusuje wasome vile?"

"Turubai ni lao, shemeji. Viti ni vyao, gari la jeneza ni lao. Wakaniambia karatasi na yenyewe wataandika wao. Ningefanya nini?" Akafuta mikono. "Mimi sijali walichosoma. Yule pale ndiye ninayemjali." Akanionyesha binti yao, kidato cha tatu, amekaa kwenye mkeka amejifunika kichwa. "Shuleni wanamwambia baba yake alikuwa ombaomba wa simu. Alimwuliza baba yake akiwa hospitali. Baba yake akamwambia si kweli. Sasa baba hayupo, na leo hao wenye redio wamesimama mbele ya kaburi wakalipita jambo hilo kama halikuwahi kutokea. Mtoto ameniuliza, mama, kama si kweli mbona hawakusema? Wewe ulikuwepo, shemeji. Na una gazeti."

Ninalo. Na sina bosi wa kunihamisha, sina mdhamini wa kuninyima turubai. Rafiki yangu hakuwa rafiki wa wasanii wote. Alikuwa mkaidi, alijipenda kidogo, alidharau kikaratasi cha kitaalamu, na aliwasema watu vibaya pale walipofanya vibaya, kisha akakaa nao kutwa nzima wakitaka kufanya vizuri. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko makofi, na nawasihi wazazi na walimu wa milima hii muwafundishe watoto kuitambua: anayekusema baada ya kukusikiliza mpaka mwisho amekupa muda wake, na muda wa mtu haununuliwi kwa chupa. Kama kuna anayebisha, aje dukani mchana, aniulize mbele ya wateja.

Na wewe binti yangu, kata ukurasa huu uende nao shule. Baba yako hakuomba simu. Alipewa, akairudisha kwa kidole kimoja. Nilikuwa nyuma ya kaunta, nikaona.