Baiskeli Isiyobeba Kitu

Kwanza niseme wazi: hiyo baiskeli mimi sikuipenda. Siku mume wangu Sebagabo alipoifikisha hapa Nakivale, nilitoka nje na unga mikononi, nikaizunguka mara ya kwanza, nikaizunguka tena. Nikatafuta fasi ya mtu kukaa nyuma, hakuna. Nikatafuta fasi ya kufunga dumu la maziwa, hakuna. Hata kengele haikuwa nayo. Tairi nyembamba kama kidole changu hiki, na usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume.

"Baba Shimwa," nikamuuliza, "hii kinga inabeba nini?" Sisi wa Kongo baiskeli tunaiita kinga.

"Inanibeba mimi."

"Na mimi je?"

Akacheka tu, akaendelea kuifuta vumbi kwa shati lake la kanisani. Kwa shati la kanisani! Niliingia ndani nikaubamiza mlango, na mlango wenyewe ni wa bati, kwa hiyo majirani wote walisikia.

Lakini nisimseme vibaya. Sebagabo ni mtu mpole. Tulitoka wote milimani juu ya Uvira, tukiwa na ng'ombe, na wale ng'ombe walibaki kwa waliowachukua. Hayo sitaki kuyasema leo, nitaharibu siku yangu. Tulipofika hapa Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi, yeye akatafuta baiskeli nyeusi ya chuma, ile nzito, akaifunga nyuma kareya ya mizigo pana kama kitanda, akaanza kubeba maziwa ya watu. Kila asubuhi anapita mazizi, anajaza madumu, anayapeleka kwa wanunuzi. Miaka imepita hivyo. Watu wa huku walimjua kwa mlio. Ukisikia madumu yanagongana barabarani, unasema huyo ni Baba Shimwa, weka chai jikoni.

Sasa, siku moja alikuwa anarudi kwenye lami ya kutoka Mbarara, madumu matupu, amevaa buti zake za zizini. Kundi la watu likampita. Wamevaa nguo za kubana, kofia ngumu kichwani, baiskeli zao hazina kelele. Mwingine angewatazama wapite. Bwana yangu akawafuata! Na zile buti, na madumu yanapiga ngoma nyuma, akawafuata mpaka juu ya kilima. Kiongozi wao ni mama mmoja Munyankore anaitwa Mbabazi, ana duka la dawa kule Ruti, pembeni ya Mbarara. Alipogeuka akamwona, akasimamisha kundi zima.

"Ssebo," akamwambia, ndiyo bwana kwa lugha yao, "wewe iko na injini ndani ya hiyo makopo?"

Hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda, chai ikapoa mbele yake. "Mama Shimwa," akasema, "tangu tufike hapa sijaendesha kinga bila mzigo hata siku moja. Sijui miguu yangu inaweza nini." Nikamwambia miguu yake inaweza kwenda kuchota maji. Akachukua dumu, akaenda. Ndiyo maana ni vigumu kugombana naye.

Akauza ndama dume wa ng'ombe wachache tuliowapata huku, akaenda Mbarara na huyo Mbabazi kwenye duka la baiskeli za mitumba. Muuzaji alitaka kumpa ile ndefu kuliko zote, eti mtu mrefu baiskeli ndefu. Mbabazi akakataa. Akamkalisha juu ya moja baada ya nyingine, akatazama goti linavyonyooka. Akagonga chuma kwa kucha kusikiliza kama kina ufa, akazungusha gurudumu kuona kama linayumba, akavuta cheni kuona kama imelegea. Sebagabo akalielewa jambo hilo papo hapo, maana kwetu hununui ng'ombe bila kumfungua mdomo. Mpaka leo, mgeni akija kuuliza habari za maziwa, atasimuliwa kwanza namna ya kukagua cheni.

Kuitunza sasa! Miiba ya huku ilimfundisha kuziba pancha kabla hajajua kubadilisha gia. Mswaki wangu ulipotea, nikamkuta nje anausugulia cheni. Na juma la kwanza alifanya kioja ambacho ni mfugaji tu anaweza kukifanya: akaipaka cheni samli. Samli safi niliyoipika mimi! Kwetu kitu ukikipenda unakipaka samli, basi naye akapaka. Mbwa wa jirani akaja kulamba. Ndama akaja kulamba. Vumbi lote la Nakivale likaja kuganda pale. Fundi Gradi, kijana wa Uvira mwenye banda karibu na soko, alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa Sebagabo, hii si nyama, ni cheni! Tia mafuta ya mashini kidogo, upanguse. Na acha nikutie kareya hapa nyuma, kinga yako iko nyepesi mingi, itapeperuka."

"Kareya hapana," akasema Sebagabo. Ni mara chache nimemsikia akikataa kitu kwa sauti ile.

Shida kubwa lakini haikuwa samli. Shida ilikuwa mama yangu.

Mama yangu anaitwa Yudita, anaishi ng'ambo ya kanisa. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Mwanaume hamtaji jina, hali chakula mbele yake, hamgusi hata ncha ya kidole. Kikombe cha chai kinawekwa mezani kwanza, ndipo mwingine akichukue. Na mkwe akikutana naye njiani, yuko juu ya kinga, anashuka. Anavua kofia, anainama, anauliza habari ya watu, ya ng'ombe, ya mguu unaouma. Haondoki mpaka mama mwenyewe aseme, haya, nenda.

Kwa kinga ya maziwa hiyo haikuwa taabu. Lakini hii mpya ina viatu vyake, vinajifunga kwenye pedali, na kuvifungua lazima upinde kisigino. Siku moja Sebagabo anashuka mteremko wa changarawe, mama anatoka mazoezi ya kwaya na mwamvuli wake. Akimwona, amechelewa. Akifunga breki, anaruka kichwa mbele. Basi akampita! Akampita akipiga kelele, "Mama, jamboooo!" na vumbi likamfunika mama na mwamvuli.

Mama alikuja kwangu moja kwa moja, hakukaa. "Kuna upepo umenipita," akasema. "Umevaa kaptula."

Akaacha kuja kwetu. Chakula changu hakukigusa tena, na nikimpelekea maziwa anasema ameshiba. Mimi nilikuwa katikati, nimechukia pande zote mbili. Mwisho mzee wa kanisa, Mzee Gasore, akatukalisha. Sebagabo akaja na kreti ya Fanta, amevaa suruali ndefu na koti katika jua kali, akaapa mbele ya Gasore kwamba hatampita mama mkwe wake tena akiwa juu ya kiti cha baiskeli, liwalo na liwe. Mama akasema, "Nimesikia." Akanywa Fanta. Yakaisha.

Halafu Mbabazi akatangaza safari ya Kabale. Kundi lao litaendesha mpaka kule kwenye milima, watalala, watarudi. Lakini si kila mtu ataenda. Kwanza mtihani: kutoka Ruti mpaka Isingiro na kurudi, mbio za kundi. "Nani naachwa nyuma, yeye nabaki nyumbani," Mbabazi alisema. "Mimi sitaki kungoja mtu kwa mulima."

Mume wangu akaanza kuota Kabale. Anamaliza maziwa, anabadilisha viatu, anatoka. Anarudi amelowa jasho, uso unang'aa kama kijana aliyepewa mchumba. Na mimi ninayesema siipendi hiyo baiskeli, nikajikuta nafua jezi yake kwa mkono, taratibu, isichuje. Nikajikuta naombea miguu yake kanisani. Nilijichukia! Lakini nilitaka aende. Yule mtu amebeba vitu vya watu maisha yake yote, nilitaka aende mahali bila kubeba kitu.

Ijumaa akaenda kulala Ruti kwa binamu yake. Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya mtihani, mama akatokea mlangoni, kitenge kipya, viatu vya kanisani, mwamvuli mkononi.

"Nisindikize Isingiro. Nataka chumvi."

"Mama, chumvi iko hapa sokoni."

"Si kama ya Isingiro."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndala. Nilijua barabara hiyo siku hiyo ina nani. Nilijua pia kiapo. Nikajaribu kila kitu, nikasema naumwa kichwa, nikasema gari hakuna. Gari likapatikana, la ndizi, akapanda mbele na dereva.

Isingiro, chumvi hakuitazama hata kwa jicho moja. Alienda moja kwa moja karibu na kituo cha mafuta, pale ambapo barabara ya kurudi Mbarara inaanza kupanda, akasimama ukingoni mwa lami. "Mama, twende nyuma ya ile migomba, kuna kivuli," nikamwambia.

"Sitaki kivuli." Akafungua mwamvuli. Ni mwekundu, jamani, mtu angeuona akiwa Tanzania.

"Basi funga mwamvuli."

"Mwamvuli wangu umekukosea nini?"

Sijapata kujibu, watu wa soko wakaanza kupiga kelele. Kundi likaingia, wameinama, magurudumu yanavuma. Sebagabo alikuwa katikati, macho kwenye gurudumu la mbele yake, akapita bila kuona kitu. Nikamshukuru Mungu. Lakini wakazunguka kituo cha mafuta, wakageuza, wakaanza kuja upande wetu. Nikasimama mbele ya mama, nikakitandaza kitenge changu kama mtu anayeanika nguo.

"Toka mbele yangu, weye mtoto!" Akanisukuma kwa kiwiko.

Na Sebagabo akainua macho.

Angeweza kutazama lami. Mtu mwingine yeyote angetazama lami, kisha kesho aseme hakuona. Mimi nilikuwa namwomba kimoyomoyo, baba, tazama lami. Akapinda kisigino. Tak! Akashuka. Kundi likampita kushoto na kulia, Mbabazi akageuza kichwa mara moja, wakaenda. Yeye akaniegemezea baiskeli kiunoni, akavua kofia ngumu, akajifunika nayo ile kaptula, akainama.

"Mama, salamu. Watu wazima? Ng'ombe wazima?"

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nasalimu, mama. Mguu unaendeleaje?"

"Nani amekwambia unisalimu?" Sauti ilipanda mpaka wauza ndizi wakageuka. "Nimepanda gari la ndizi, mgongo wote unauma, nimesimama juani, nije nikuone ukiwapita wale watu wa mjini, na weye unashuka! Salamu si tunazo nyumbani kila siku? Panda!"

"Mama, niliapa. Mpaka useme..."

"Watu wazima! Ng'ombe wazima! Mguu unauma! Haya, nenda! Nenda!"

Sebagabo akavaa kofia upande, akaruka juu. Lakini pale ni mlima, na kiatu kikakataa kujifunga. Kinateleza, anakanyaga hewa, baiskeli inayumba. Mimi nikafunika mdomo. Ndipo mama akatupa mwamvuli chini, akaenda nyuma yake, akaweka mikono yote miwili mgongoni mwa mkwe wake, akasukuma. Mama yangu! Mtu ambaye hajawahi kumpokea hata kikombe. Alisukuma akikimbia na mguu wake mbovu na viatu vya kanisani, kitenge kimepanda magotini, na soko zima linashangilia. Kiatu kikajifunga, tak, mtu akaondoka.

Mama akasimama katikati ya barabara anahema. Nikamvuta ukingoni, nikaokota mwamvuli. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka, sijui kipi kilianza.

"Unawaona?" akauliza. Macho yake hayafiki mbali siku hizi.

Niliwaona. Barabara inapanda kati ya mashamba ya ndizi, kundi lilikuwa juu karibu na kona, na yeye chini peke yake. Baada ya kona ile ni mteremko. Wakiushika kabla yake, hatawaona tena.

"Bado, mama. Bado. Amesimama juu ya pedali."

"Anawakaribia?"

"Bado... ngoja... wa mwisho amechoka. Anamkaribia yule wa mwisho."

"Sema vizuri!"

Wakaingia kwenye kona wawili pamoja, jezi yake na ya yule wa mwisho, hakuna nafasi kati yao.

"Amewashika, mama! Amewashika!"

Kwamba alifika Ruti pamoja nao, na kwamba Kabale alienda, hayo niliyapata baadaye kwa simu na kwa picha. Wakati ule tulikuwa na ile kona tu. Na nyuma yetu akatokea Mzee Gasore, yule yule wa kreti ya Fanta, na mfuko wa chumvi ya ng'ombe begani. Akamwona mama, akatua mfuko, akavua kofia yake vizuri kama inavyotakiwa.

"Yudita, amani kwako. Habari ya nyumbani?"

Mama hakugeuka. Gasore akakohoa, akarudia salamu.

"Gasore, nyamaza kidogo," mama akasema, macho bado kule juu ambako hakukuwa tena na mtu. "Mkwe wangu anapita."